Diski Isiyofutika

Nilimkuta mdogo wangu jikoni kwa mama, ameifunga diski ya marehemu baba kwenye taulo, anaiponda kwa mchi.

Nilikuwa dirishani, wala hakuniona. Na nyie, sikupiga kelele. Nilitabasamu... maana nakala nyingine ilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi wa studio. Nachoma DVD za harusi, mahafali, misiba, chochote unacholeta. Baba kabla hajafariki alijirekodi kwa kamera yake ndogo, ile inayotumia kidiski cha ukubwa wa kisahani cha chai. Aliyeshika kamera ni mdogo wangu. Mimi nilikuwa kazini, kama kawaida yangu.

Msiba ulipokwisha, baba mdogo akakiona kile kidiski kwenye vitu vya marehemu. Akakibeba mwenyewe mpaka studio, mdogo wangu yuko nyuma yake. Alitaka nakala ya kucheza kwenye deki ya nyumbani, ili ukoo wote utazame Jumamosi.

Alipotoka tu, mdogo wangu akabaki mlangoni.

"Dada, choma kwenye RW."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Deki ya mama inaikubali."

Hapo nikaingiwa na shaka. RW ni ile diski inayofutika, unaandika leo, unafuta kesho. Na deki ya mama naijua, nimeitengeneza mara tatu kwa mikono yangu. RW inaisoma kwa mbinde. Sasa huyu anataka inayofutika ya nini?

Nikafungua video. Baba amekaa kwenye kiti chake, sauti inakwaruza: "Nyumba hii ni ya mke wangu na watoto wangu wawili."

Nikaruka katikati. Picha safi, sauti safi. Nikaishia hapo. Sisi wa studio hatutazami jamani, tunaonja tu.

Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Mtoto wa kiume anaitaka nyumba peke yake! Huyu niliyembeba mgongoni!

Nikamchomea RW yake. Alipoondoka nayo pamoja na kidiski cha baba, nikachukua diski ya kawaida, R, ile ambayo ikishachomwa imechomwa. Video ilikuwa bado kwenye kompyuta. Sikufungua programu ya kuhariri, ningelazimika kuitazama yote. Nilitumia ile ya kunakili diski nzima kama ilivyo. Mashine yangu mpya inachoma kwa kasi sana, diski zake hukwama kwenye deki za zamani, kwa hiyo nikatumia ile kuukuu, mwendo wa kobe. Nikaifunga diski isiandikwe tena kitu, programu ikahakiki, hakuna kosa.

Kesho yake ndipo nikamkuta na mchi.

Jumamosi sebule ilijaa. Mdogo wangu akaweka RW kwenye deki. Kioo cheusi. Akasema nakala imeharibika, na kidiski chenyewe kimevunjika bahati mbaya. Baba mdogo akaguna.

Nikasimama na mkoba wangu.

"Ninayo mimi."

Mdogo wangu akanishika mkono.

"Dada, nakuomba. Usiweke."

Nikamsukuma. Mama naye akaniambia nikae chini, machozi yanamlengalenga. Nikajisemea, kumbe ameshamrubuni na mama.

Nikaweka.

Baba akaongea habari ya nyumba. Nikamtazama mdogo wangu kwa dharau, nangoja ainamishe kichwa. Lakini alikuwa ananitazama mimi.

Dakika ya kumi na tisa baba akakohoa.

"Sitaki kufa na siri. Binti yangu mkubwa si damu yangu. Mama yake alipokuja kwangu alikuwa na mimba tayari, na aliniambia siku ya kwanza. Nampenda. Msimbague."

Nilisikia deki inavyozunguka.

Baba mdogo akainuka taratibu, akaitoa diski, akaipangusa kwa shati.

"Watoto wawili? Mbona mimi naona mmoja?"

Mama akajifunika uso. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Sikutaka ujue hivi."

Ndugu zangu, mtu wenu wa karibu akitaka kitu kifutwe, muulizeni kwanza anamlinda nani. Na kabla hujachoma, tazama mpaka mwisho. Mimi nilijiona fundi. Uchungu huu sina pa kuupeleka.

Jumatatu asubuhi nimefungua studio. Mteja wa kwanza ni baba mdogo. Ameweka diski mezani, ile ile niliyoichoma kwa mikono yangu.

"Nataka nakala sita, moja kwa kila nyumba ya ukoo."

Halafu akatabasamu.

"Tumia zile zisizofutika."