Kikojozi wa Koridoni

Kaa vizuri. Wewe pia, uliyejikunja huko nyuma.
Hadithi hii ni tamu kuliko zote, na haisemwi mara mbili.

Tanga mjini, kwenye nyumba yenye mlango wa bluu, aliishi Hatibu.
Hatibu alikuwa na miaka mitano, na maneno mengi kuliko meno.

Aliishi na Mama, na Bibi, na dada yake Rukia.
Na Bi Guruguru.

Bi Guruguru si mtu. Ni mashine ya kufulia!
Alikaa koridoni, karibu na mlango wa choo. Alikula nguo chafu, akazitapika safi.

Guru guru guru! Guru guru guru!
Ndiyo maana akaitwa hivyo.

Kila usiku Hatibu alilala na Bibi, kwenye kitanda kikubwa cha Bibi.
"Njoo, mume wangu," Bibi alimtania. "Lete hiyo miguu yako ya baridi."

Hatibu aliiweka miguu yake kwenye miguu ya Bibi.
Ikapata joto. Akalala fofofo.

Basi asubuhi moja, Mama alipita koridoni.
Chwap! Akakanyaga kidimbwi.

"Nani kamwaga maji hapa?" Mama akauliza.
"Maji?" akasema Rukia. "Mama, hayo si maji. Hayo ni Hatibu!"

"Mimi?" akasema Hatibu.
"Wewe! Ulikuwa unakwenda chooni, hukufika."

Hatibu akaruka juu kama bisi.
"Si mimi! Shika kaptula. Kavu!"

Mama akashika. Ilikuwa kavu.
"Kabadilisha," akasema Rukia.

Asubuhi ya pili, Bibi alipita koridoni.
Chwap!

"Aka!" akasema Bibi. "Mume wangu, mbona unanitia aibu?"
"Si mimi! Shika kaptula. Kavu!"

Lakini Rukia alishaanza kuimba, huku anacheza.
"Kikojozi wa koridoni! Choo kipo, hakioni!"

Mama hakuimba. Mama alishika kiuno.
"Leo koridoni, kesho kitandani kwa Bibi. Basi! Mpaka sakafu hii ikauke, utalala kwenye kigodoro chako. Na nailoni juu yake."

Usiku ule Hatibu alilala juu ya nailoni.
Akigeuka huku, kwacha! Akigeuka kule, kwacha!

"Lala salama, Bwana Kwachakwacha," akasema Bibi kutoka kitandani.
Hatibu hakucheka.

Miguu yake ilikuwa baridi.
Na hapakuwa na miguu mingine ya kuiwekea.

Asubuhi ya tatu, kidimbwi kilikuwapo palepale. Kinang'aa.
Hata Hatibu akaanza kujishuku. Akashika kaptula yake mwenyewe.

Kavu!
"Sasa ni nani?" akajiuliza.

Ikafika Jumamosi. Siku zote zile Mama alifua jioni, watu wakielekea kulala.
Jumamosi akafua mchana.

Guru guru guru! Bi Guruguru akaanza kazi. Akatikisa kiuno kama yuko harusini.
Hatibu alikaa mbele yake, kidole mdomoni, anamtazama.

Halafu, kule chini...
To!

Kimya kidogo. To! To!
Maji yakatoka chini ya Bi Guruguru, taratibu, yananyata kama mwizi.

Hatibu akainama. Akachungulia. Akatoa kidole mdomoni.
"MAMAAA! Njooni! Nimemkamata kikojozi!"

Mama akaja mbio. Bibi akaja polepole. Rukia akaja na mkate mdomoni.
"Huyo hapo!" akasema Hatibu. "Anakojoa mchana, na hata haoni haya!"

Bibi akachovya kidole. Akanusa.
"Makubwa! Mkojo gani huu unanukia sabuni?"

Mama akaziba mdomo. Rukia akatazama dari.
Mkate ulikuwa umemkwama.

"Lo, mwanangu," akasema Mama. "Tumekuonea. Ngoja nimwite mjomba wako."

Mjomba Semkiwa akaja na sanduku lake la vyuma.
Kacha kacha kacha!

"Shikamoo, Mjomba!"
"Marahaba! Haya, niambieni, nani fundi kama mimi?"
"Wapo, Mjomba," akasema Rukia. "Wapo wengi."

Mjomba akalala chali. Akakaza huku. Akakaza kule.
Akatoka na povu puani.

"Huyu bibi kazeeka," akasema.
"Wa wapi huyo?" akauliza Bibi.
"Si wewe, mama. Huyu wa chuma!"

"Nimemkaza," akasema Mjomba, "lakini ataendelea kudondosha kidogo kidogo. Dawa yake ni sinia. Tunaliweka chini yake, maji yanaangukia humo. Leteni sinia!"

Hatibu akatimka. Pata pata pata!
Akarudi amebeba sinia kubwa, linamfika kidevuni.

"We!" akapiga kelele Bibi. "We mume! Sinia langu la pilau? Sikukuu tulie wapi, kwenye ndoo?"

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.
"Si hilo, mwanaume. Lipo sinia la mashine. La plastiki, kingo zake zimesimama, na pembeni lina tundu la kutolea maji. Nakwenda kulinunua."

"Pima kwanza, kaka," akasema Mama.
"Nipime? Mimi? Jicho langu ndiyo futi! Nani fundi kama mimi?"
"Wapo, Mjomba. Wapo wengi."

Mjomba akaenda. Mjomba akarudi. Sinia kwapani, mluzi mdomoni.
Wakamwinua Bi Guruguru. Hoo!

Mguu wa kwanza, ndani. Mguu wa pili, ndani. Mguu wa tatu, ndani.
Mguu wa nne...

Nje!
Bi Guruguru akasimama upande, kama mbuzi aliyekanyaga beseni.

Watu wote wakamgeukia Mjomba.
"Mjomba," akasema Rukia, "ulipimia jicho moja au yote mawili?"

Mjomba akajikuna kisogo. Mluzi ukaisha.
"Labda... labda mashine imenenepa."

Hatibu akasogea. Alilala chini, mbele ya Bi Guruguru, kanyooka kama mwiko.
"Umechoka?" akauliza Mama.
"Nampima."

Akaweka kisigino kwenye kona hii. Kona ya pili ikafika kitovuni.
Akageuka, akapima na ubavuni. Kitovuni tena!

"Bi Guruguru ni kutoka kisigino mpaka kitovu," akasema Hatibu.
"Kumbe!" akasema Mjomba. "Mna futi humu ndani, tena inakula ugali, na mmenyamaza! Twende zetu."

Akampandisha begani. Wakaenda dukani na lile sinia dogo, ili walirudishe.

Dukani Hatibu akaingia kwenye sinia la kwanza. Akalala.
Kitovu kikabaki nje. "Dogo!"

Akaingia la pili. Akalala.
Kitovu kikakaa juu ya ukingo. "Bado dogo!"

Akaingia la tatu. Akalala.
Kitovu kikaingia ndani, na nafasi ikabaki. "Hili!"

Mwenye duka akamtazama Mjomba.
"Bwana, na huyo mtoto naye unataka nimfunge kwenye mfuko?"

"Mwache," akasema Mjomba. "Huyo ndiye fundi. Mimi nambebea tu."
Hatibu akanyoosha shingo kama jogoo.

Nyumbani wakamwinua tena Bi Guruguru. Mama upande huu, Mjomba upande ule.
"Moja, mbili, hoo!"

Hatibu na Rukia wakasukuma sinia. Suu!
Mguu wa kwanza, ndani. Wa pili, ndani. Wa tatu, ndani.

Wa nne...
Ndani!

"Ndaniii!" wakapiga kelele wote. Bibi akapiga vigelegele.

Mjomba akachomeka mpira kwenye tundu la sinia. Akaupitisha mpaka chooni, kwenye shimo la maji machafu.
"Sinia juu, mpira chini," akasema. "Maji hayapandi mlima, hata ukiyabembeleza."

"Tujaribu," akasema Mama.
Rukia akamwaga kikombe cha maji ndani ya sinia.

Hatibu akabana pumzi. Akatazama sakafu.
Sakafu ikilowa, nailoni inamsubiri.

Churu churu churu!
Maji yakazunguka. Yakaona tundu. Yakaingia kwenye mpira, yakaenda zao chooni.

Hatibu akapapasa sakafu kwa kiganja. Akapapasa huku. Akapapasa kule.
"Kavu!"

"Sasa Bi Guruguru anakojoa chooni," akasema. "Kama watu wazima."

Rukia akamsogelea. Akachezea kidole gumba cha mguu.
"Hatibu, nilikusingizia."
"Sikusikia."
"Nilikusingizia! Samahani!"
"Sema tena, Mjomba naye asikie."
"Usizidishe wewe!"

Wakacheka wote wawili.
Mama akaikunja ile nailoni, kwacha kwacha kwacha, akaisukumia juu ya kabati.

Ikafika saa ya kulala.
"Mume wangu," akaita Bibi, "rudi nyumbani."

Hatibu akapanda kitandani. Akaweka miguu yake kwenye miguu ya Bibi.
"Uuu!" akasema Bibi. "Barafu hii umeitoa wapi?"

Hatibu akafumba macho. Joto likaanza kupanda, taratibu.
"Hatibu," akasema Bibi.
"Naam, Bibi."
"Umekwenda chooni?"

Hatibu akavuta shuka mpaka puani.

"Hatibu?"
"...Bado."
"KIMBIA!"

Pata pata pata! Akapita koridoni. Pata pata pata! Akampita Bi Guruguru, aliyekaa siniani kimya kama bibi harusi.
Akafika chooni. Akawahi!

Akarudi.
Lo! Bibi alikuwa kalala katikati, kitanda kizima chake.

"Bibi, sogea."
"Krooo."
"Bibi!"
"Krooo, krooo."

Hatibu akaingiza mguu mmoja. Akaingiza wa pili. Akasukuma kwa makalio, akapata nafasi.
Akalala.

Na wewe je? Wewe hapo, unayecheka na shuka mpaka puani.
Umekwenda chooni?

Bado?
Haya, kimbia!