Kifungo cha Sweta

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, na tangu siku hiyo hakanyagi sinema. Ukumbi wa mtaani ulikuwa ukionyesha kazi zote za mwongozaji mmoja wa Kijerumani, marehemu, filamu za zamani zisizo na rangi wala sauti. Mumewe hakukosa hata moja, na nyumbani wimbo ulikuwa ule ule kuhusu mwigizaji mmoja wa kike wa filamu hizo, naye kafa zamani: macho yake!

"Mama watoto, unamwonea wivu maiti?" alimcheka.

Asubuhi moja rafiki yangu akamshonea kifungo cha juu cha sweta kwa uzi mwekundu, makusudi, ili huko aendako wajue ana mwenyewe. Mchana akamfuata ukumbini.

Ndani giza totoro, kimya, mashine tu ikinguruma nyuma. Akapapasa viti mpaka akasikia meno yakigongana. Alikuwa mumewe, na shati jepesi, anatetemeka.

"Sweta iko wapi?"

"Nimemwazima," akanong'ona bila kugeuka. "Alikuwa anasikia baridi."

Rafiki yangu akainua macho. Kwenye skrini yule mwanamke alikuwa akifunga vifungo polepole, akimkazia macho rafiki yangu. Theluji iliyomzunguka ilikuwa ya kijivu, uso wa kijivu, sweta ya kijivu. Uzi wa kifungo cha juu ulikuwa mwekundu.