Bendera ya Kijani na Bomba Lililopiga Mluzi

Kila siku masomo yalipokwisha, Kidoti alipitia kazini kwa mama yake ili warudi nyumbani pamoja. Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali, jengo refu la bati nyuma ya wodi. Humo mashuka ya wagonjwa yalifuliwa, yakakaushwa, kisha yakapitishwa kwenye mashine kubwa ya kupigia pasi iliyotumia mvuke. Kidoti alikuwa na benchi lake karibu na mlango. Hapo alifanya kazi zake za shule huku wanawake wakitaniana kwa kupiga kelele, maana ukiongea polepole mle ndani, mashine zinameza maneno yako yote.

Jina la Kidoti lilitokana na alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni, nalo alilipenda. Lakini siku hizi wenzake shuleni walikuwa wamembandika jina jingine.

"Jamani, ficheni vikombe! Mwagachai huyo anakuja!" aliropoka mvulana mmoja wakati wa mapumziko. Darasa zima likaangua kicheko.

Kidoti alijikaza kisabuni. Angesema nini? Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kiwiko hadi kiganja, na mtaa mzima ulijua kwamba binti yake ndiye aliyemmwagia chai ya moto. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulikosea. Kidoti hakuwa amemwaga hata tone.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu. Bomba la mvuke kando ya ile mashine ya pasi lilikuwa na ufa. Siku moja lilianza kupiga mluzi mwembamba, na kabla mama hajageuka kulitazama, mvuke ukachomoka na kumbabua mkono. Msimamizi wa chumba alimkimbiza mwenyewe kwa muuguzi. Huyu wafanyakazi walimwita Bwana Shwari, kwa sababu hata paa lingeanguka, yeye angesema mambo ni shwari tu. Njiani akamnong'oneza mama, "Dada yangu, nakuomba sana. Wakaguzi wako njiani. Sema umeungulia nyumbani."

Mwaka huo serikali ilikuwa inazipima idara zake zote, kuona ni ipi iliyopiga hatua katika kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Bwana Shwari aliamini kwamba chumba kisicho na ajali hata moja ndicho kitakachopewa bendera ya kijani ya kupandisha langoni. Mara ya mwisho chumba chake kilishika mkia, na wakubwa walimcheka mbele za watu. Basi muuguzi alipouliza, mama, kwa maumivu na hofu ya kupoteza kazi, alisema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Binti yangu kanimwagia chai."

Jioni ile alimweleza Kidoti kila kitu, machozi yakimtoka. "Nivumilie, mwanangu. Wakaguzi wakiondoka, watu watasahau." Kidoti alikubali, kwa kuwa alimpenda mama yake. Lakini kila alipoitwa Mwagachai, alitamani kupaza sauti aseme ukweli.

Bwana Shwari naye aliwahakikishia watu kwamba bomba limetengenezwa. Limetengenezwa wapi! Fundi wa mitambo hakuitwa, maana angeuliza nani ameumia. Bomba lilizungushiwa vipande vya mpira, likapakwa rangi nyeupe, likang'aa. Kwenye mashine ile akawekwa Mama Pacha, rafiki mkubwa wa mama. Siku ya ajali alikuwa likizo, na wenzake walioona walikuwa wameagizwa wanyamaze, hivyo hadithi ya chai aliiamini yote.

Siku ya ukaguzi ikafika. Kidoti aliingia, akakaa kwenye benchi lake, roho juu. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vizito, naye alitazama kila kona bila kutabasamu.

"Mmekuwa na ajali ngapi?" aliuliza.

"Hakuna, mheshimiwa," alijibu Bwana Shwari. "Hata mchubuko."

"Hata mchubuko? Maji yamejaa sakafuni, mashine zinachemka, na hakuna hata mtu mmoja aliyeteleza?"

"Mambo shwari kabisa!" Bwana Shwari alicheka, akafuta jasho.

Mkaguzi akauona mkono wa mama. "Na huyu je?"

"Aah, hayo ni ya nyumbani, mheshimiwa. Binti yake yule pale alimmwagia chai."

Macho yote yakamgeukia Kidoti. Mkaguzi alimsogelea, akainama kidogo. "Ni kweli, mwanangu?"

Kidoti alimtazama mama. Mama alitazama sakafu. Akisema ndiyo, mama atabaki na kazi yake. Akisema hapana, je, kesho watakula nini?

Ndipo akausikia mluzi.

Ulikuwa mwembamba, nyuma ya kelele za mashine, na hakuna mwingine aliyeujali. Mama Pacha alikuwa ameinama, anatandaza shuka kwenye mashine, uso wake karibu kabisa na lile bomba jeupe. Mluzi ukapanda.

"Mama Pacha! Toka hapo!" Kidoti alipiga kelele.

Mama Pacha akacheka. "We Mwagachai, na mimi leo unataka kunimwagia?"

Kidoti hakungoja. Alikimbia, akamkamata aproni kwa mikono miwili, akamvuta kwa nguvu zote mpaka wote wawili wakapepesuka nyuma. "Sikumwaga chai mimi! Ni hilo bomba! Ndilo lililomuunguza mama!"

"Fungeni mvuke!" aliamuru mkaguzi.

Bwana Shwari aliganda pale pale. Aliyekimbia ni mama. Aliishika koki kubwa ya ukutani kwa mkono wake mzima wa kushoto, akaizungusha huku akiuma meno. Kabla koki haijafunga kabisa, mpira ukapasuka paa! Mvuke ukafoka juu ya mashine, pale pale kilipokuwa kichwa cha Mama Pacha, kisha ukapungua, ukaisha.

Mama Pacha alijishika uso kama anayehakikisha bado upo. Akamkumbatia Kidoti, akalia. "Wanangu wale wawili wangebaki na nani? Na mimi nakucheka, mwanangu. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyedanganya," mama alisema. "Nimempaka matope mwanangu mwenyewe."

"Kosa ni langu," alisema Bwana Shwari, na safari hii hakutaja shwari. "Niliogopa kuchekwa tena."

Mkaguzi aliwatazama wote. "Nikija kuwapima, sitafuti idara isiyo na ajali kwa maneno. Sifuri hata mtoto mdogo anaichora. Nataka kujua mtu alipoumia kama mlisema, na mliposema kama mlitengeneza. Mngesema siku ile ile, fundi angekuja siku ile ile. Na wewe mama, hakuna ruhusa ya kumfukuza mtu kazi kwa sababu amesema ameumia. Hilo nitalisimamia mimi mwenyewe."

Bendera ya kijani ambayo mkaguzi alikuja nayo ilirudi garini ikiwa imekunjwa. Bwana Shwari alipewa onyo kali, na mashine ile haikuguswa tena mpaka fundi alipoweka bomba jipya. Tangu hapo Bwana Shwari alibadilika kabisa. Akijikwaa tu, anakwenda kuripoti kidole chake cha mguu, na wanawake wanacheka hadi wanashika mbavu.

Asubuhi moja mama alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele ya darasa la Kidoti na bandeji yake.

"Huyu hakunimwagia chai," alisema. "Niliungulia kazini, nikaogopa kusema, na aibu yangu akaibeba yeye. Uongo wangu ulikaribia kumuunguza rafiki yangu uso. Watoto wangu, mkiona hatari, semeni, hata kama mkubwa amewaambia mnyamaze. Hatari ikifichwa haipungui. Inamngoja mtu mwingine."

Wakati wa mapumziko, yule mvulana aliyeanzisha jina la Mwagachai alimwendea Kidoti, macho chini, mkononi ana kikombe cha chai kilichojaa pomoni.

"Kidoti," alisema, "hebu nishikie, nifunge kamba za viatu."

Kidoti alikipokea kwa mikono miwili, akamngoja hadi alipomaliza.