Alama Elfu Tatu

Kinoabongo kilitoa mlio mfupi, na Salha Mbarouk akaurudisha mkono kabla hajamgusa farasi wake wa sataranji. Utepe huo mwembamba uliozunguka paji la uso wake ulikuwa umesoma mawimbi ya ubongo na kugundua kwamba macho yake yameupita mtego upande wa kushoto wa ubao. Akatazama tena, akauona, akacheza kwingine.

Hivyo ndivyo alivyonolewa tangu utotoni. Dakta Ndekirwa Kaaya, mhandisi aliyekibuni chombo hicho mjini Arusha, hakutaka kimchezee binadamu sataranji. Alitaka kimfundishe kutokosea, kisha kivuliwe siku ya mashindano. Aliamini kwamba alama za ubora za binadamu, bila msaada wowote ubaoni, zingeweza kuvuka elfu tatu.

Salha alifika 2,996, akakwama. Alama za sataranji hazitoki hewani. Mchezaji huzipata kwa kumshinda mwenzake, na wenzake wote wa juu walikuwa wamenolewa na chombo kilekile. Hakuna aliyekosea. Kila mchezo uliisha sare, hata watazamaji wakachoka.

Fainali ya Dodoma ilimkutanisha na Kibwana Faki, ambaye alianza kucheza naye shuleni Chake Chake. Mchezo ulielekea sare nyingine, mpaka ghafla Kibwana alipoiacha ngome yake iliwe na kumtuma malkia wake peke yake kumsaka mfalme wa Salha. Ukumbi ukaguna. Mfalme wa Salha alikimbizwa ubao mzima, akaponea chupuchupu, na Kibwana, akiwa hana tena cha kushambulia nacho, akampa mkono kukubali kushindwa.

Kioo cha ukumbi kikaonyesha 3,001. Watu wakasimama wakishangilia. Dakta Ndekirwa hakushangilia. Alimfuata Kibwana kwenye chumba cha wachezaji.

"Niambie ukweli. Umemwachia?"

"Hapana, Dakta. Nilitaka kushinda."

"Kwa hatua ile? Ulijua ni mbovu."

"Nilijua. Niliusikia mlio, ingawa utepe sijauvaa." Kibwana alijaribu kutabasamu. "Siku hizi nausikia kila mahali. Mwaka jana nilishika simu nimpigie baba, tulikuwa tumekosana. Ukalia. Nikatafuta maneno mengine, ukalia tena. Nikaiweka simu chini. Amekufa hatujasemezana. Leo ulipolia, nikasema potelea mbali, nacheza."

Salha alikuwa amesimama mlangoni, shada la maua mkononi.

"Kumbe na wewe?" aliuliza. "Mimi nilidhani ninaumwa."

Kibwana alimtazama, akamsogezea kiti. Salha akakaa.

"Dakta," alisema, "mlio huu unanyamazishwaje?"

"Sijui," alisema Dakta Ndekirwa. "Sikuwahi kuwauliza mnaishije mkishauvua utepe."

Asubuhi iliyofuata aliwapigia simu wazazi wa watoto waliokuwa waanze kunolewa wiki hiyo, mmoja baada ya mwingine, akawaambia wasiwalete. Baadhi yao walimkasirikia. Wengine walikuwa wamekwisha kuona 3,001 kwenye habari na walitaka kujua nani atafika 3,100. Mama mmoja alimuuliza kwa uchungu kama mwanawe hana kipaji.

"Anacho, mama," Dakta alijibu. "Ndiyo maana nakuomba abaki nyumbani."