Kinu Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Mwatima alifagia uwanja, akachota maji kisimani, akawasha moto na kumpelekea bibi yake chai. Ilikuwa mwaka 1959, nao walikaa Wawi, karibu na mji wa Chake Chake. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto. Baba yake, Ngwali, alitoka alfajiri kwenda kuchuma na kurudi jioni akiwa hoi, hana hata nguvu ya kuzungumza.

Hapo awali nyumba ile ilikuwa na mtu wa nne. Huyo alikuwa Time, mama yake Mwatima na binti pekee wa bibi, Bi Kazija. Time alikuwa amefariki. Arobaini yake ilishasomwa, wageni walisharudi makwao, na nyumba ilibaki kimya.

Bi Kazija hakuwa na jino hata moja, na miguu yake ilikuwa haimtii tena. Kilichomfaa kilikuwa chakula kimoja tu, na Time ndiye aliyekijulia. Alimchemsha samaki aina ya changu, akamchambua kwa vidole mpaka mwiba wa mwisho, akamtwanga na thomu, yaani kitunguu saumu, katika kinu kidogo, kisha akachanganya na uji wa mchele na tui zito. Akimaliza, aligonga mchi kwenye ukingo wa kinu, ko! Nyumba nzima ilijua kwamba chakula cha Bibi kiko tayari.

Sasa kazi hiyo ilikuwa ya Mwatima. Lakini kinu alikuwa amekifudikiza nyuma ya mlango wa jiko, na hakukigusa. Akiulizwa, alisema kina ufa. Uongo mtupu! Kinu kilikuwa kizima kabisa. Bibi naye akawa anakunywa uji mtupu usio na kitu, na kila siku anazidi kukonda.

"Mjukuu wangu," alisema siku moja, "nakitamani kile chakula cha mama yako. Hata vijiko viwili vitanitosha."

Mwatima aliingiwa na huruma. Hapo akaikumbuka mashine ya Savitaben.

Savitaben alikuwa Mhindi, mke wa mwenye duka la vitambaa mjini Chake Chake. Time alikuwa akimpelekea nazi, na urafiki wao ukakua mpaka wakawa kama ndugu. Jikoni kwake palikuwa na mashine ya chuma. Ukiibana kwenye ukingo wa meza na kuzungusha mpini wake, choroko zilizorowekwa zilitoka laini, tayari kwa bajia. Haikuwa na mchi, wala mlio wa kutwanga.

"Hodi, Bi Savita. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Bibi anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo. Naomba uniazime mashine yako, nimsagie choroko."

Savitaben akaifuta mashine kwa kitambaa safi. "Chukua. Lakini unajua, mwanangu, dini yetu sisi haituruhusu nyama wala samaki. Mashine hii haijagusa vitu hivyo tangu niletewe."

"Choroko tu, Bi Savita," Mwatima alijibu, macho chini.

Alipofika nyumbani akamchemsha changu. Alitoa uti wa mgongo na miiba mikubwa, basi. "Midogo hii itasagika iwe unga," alijiambia, akaibana mashine kwenye benchi na kuanza kuzungusha. Maskini! Mwenye kuchambua kwa vidole huuhisi mwiba, akautoa. Chuma hakihisi kitu. Mashine iliikata ile miiba vipande vipande na kuichanganya ndani ya samaki laini, isionekane tena.

Bi Kazija alipoona bakuli alicheka kwa furaha. Alikula kijiko cha kwanza. Cha pili kikamkwama. Alikohoa, akakohoa, macho yakamtoka, na damu ikaonekana kwenye kanga yake.

"Bibi! Bibi yangu! Jamani, njooni!" Mwatima alipiga kelele.

Majirani walimkimbiza hospitali, na daktari akakitoa kipande cha mwiba kooni. Bibi akarudishwa nyumbani mzima. Lakini tangu siku hiyo aligoma kula. Akiletewa uji, hugeuza uso ukutani.

"Naogopa," alisema kwa sauti ndogo. "Niacheni tu, nimfuate mwanangu."

Shangazi Khairiya, dada yake baba, alikuja kuuguza. Alipokuwa anatafuta sufuria jikoni akaikuta mashine imefungwa ndani ya gunia, bado inanuka samaki.

"Mwatima! Hii ya nani?"

Mwatima alitaka kudanganya tena, lakini machozi yakamwahi. Akaeleza yote.

"Na kinu cha mama yako kimefanya nini? Kina ufa gani?" Khairiya alikigeuza huku na huku. "Mbona kizima?"

"Siwezi, Shangazi. Mchi ukilia nadhani mama yuko jikoni. Halafu nikitazama, hayupo. Na sasa nimemuua Bibi!"

Khairiya alikuwa amejiandaa kumgombeza. Badala yake alikaa chini pale pale kwenye majivu, akamkumbatia, wakalia pamoja. Kisha akajifuta uso kwa kanga. "Bibi yako yu hai bado. Inuka. Tunaanzia kwa mwenye mashine."

Savitaben aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Mwatima zaidi.

"Ungesema ni samaki, ningekukatalia mashine," alisema. "Halafu ningekuja mwenyewe kukutwangia thomu, nawe ukamchambua samaki wako. Mama yako hakunidanganya hata siku moja." Akairudisha mashine mikononi mwa Khairiya. "Jikoni kwangu haiwezi kurudi tena. Kaeni nayo."

"Nisamehe, Bi Savita."

"Nimekusamehe, mwanangu. Nenda kamhudumie bibi yako."

Jioni hiyo hiyo Mwatima alikitoa kinu nyuma ya mlango, akakiosha. Alimchambua changu polepole, kila kipande akikipapasa kati ya vidole, huku Shangazi akikuna nazi na kukamua tui. Kisha akashika mchi. Pigo la kwanza lilimchoma moyo. Alitwanga huku machozi yakimtiririka, akachanganya uji na tui kwa mwiko, na mwisho, bila kufikiri, akagonga mchi kwenye ukingo. Ko!

Chumbani Bi Kazija aligeuza kichwa. "Time?"

Mwatima akaingia na bakuli mkononi. "Ni mimi, Bibi. Ni Mwatima."

Bibi alimtazama, akaanza kulia. Mwatima alikula kijiko kimoja mbele yake ili aone kuwa ni salama. Kisha Bibi akafungua kinywa. Akameza kwa hofu. Akangoja. Akafungua tena.

Bakuli lilipofika nusu, Mwatima alimwambia yote, ya mashine, ya uongo wake na ya mlio wa mchi, hakubakisha kitu.

"Mashine haina kosa," Bi Kazija alisema, akimshika mkono. "Kwa choroko, hiyo ni nzuri sana. Samaki wa mgonjwa anataka vidole na kinu. Kabla hujashika chombo, jiulize kwanza unatengeneza nini, na ni nani atakayekula. Na ukiwa na huzuni, mjukuu wangu, niambie. Usidanganye watu kwa ajili yake. Uliificha, na mimi ndiye niliyekula miiba yake."

"Sitaficha tena, Bibi."

"Haya. Na kesho utwange tena, na mlango uuache wazi. Mimi pia namlilia mama yako. Tumsikilize pamoja."