Kamanthe Aachilia Vyuma

Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe na kunywa uji usio na sukari, Kamanthe aliingia sebuleni kama mtu aendaye kung'olewa jino. Mashine ya kutembelea, yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, ilimngoja kando ya kabati la vyombo. Mwanawe Onesmus aliinunua mwaka wa 2004, kwa sababu barabara ya Kyumbi ilijaa malori, na daktari alikuwa amesema, "Mama, tembea nusu saa kila siku. Sukari yako iko juu mno."

Kamanthe alijua maana ya maneno hayo. Dada yake mkubwa, Munyiva, aliyeishi naye, alikuwa amekatwa mguu wa kushoto kwa ugonjwa huo huo.

Hata hivyo, mashine ilimtisha zaidi. Alipokuwa msichana, aliona mkanda wa mashine ya kusaga unga ukinasa mkono wa shati la mtu. Kilio cha mtu yule hakikumtoka masikioni. Kwa hiyo mkanda huu mweusi ulipoanza kunguruma chini ya nyayo zake, alikamata vyuma vya pembeni kwa nguvu zote, akainama, akafumba macho.

"Aiya, Kamanthe!" Munyiva alimcheka akiwa kitini. "Unatembea au unasukuma gari lililokwama?"

"Nyamaza! Ikinimeza, utacheka?"

Aliendelea hivyo kwa majuma manane. Mabega yaliuma, mgongo uliuma. Siku ya kupimwa, sukari ilikuwa vile vile. Alirudi nyumbani, akautazama mguu wake wa kushoto kwa muda mrefu, kisha akaufunika kwa leso.

Munyiva hakucheka siku hiyo. Alimwita jirani yao Linet, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali moja mjini Machakos. Linet alimtazama Kamanthe akitembea dakika moja tu, akaizima mashine.

"Mwaitu," alisema kwa heshima, kama amwitaye mama yake mzazi, "mikono yako ndiyo inayoubeba mwili. Miguu inaburutwa tu. Mwili usipofanya kazi, sukari itatumikaje?"

"Nikiachilia, mkanda utanivuta."

Linet alichukua kamba nyekundu iliyoning'inia kwenye mashine, ambayo hakuna aliyejua kazi yake. Akaibana kwenye blauzi ya Kamanthe, akauwasha mkanda ukiwa mtupu.

"Rudi nyuma hatua mbili."

Kamba ikachomoka kwenye mashine. Mkanda ukasimama.

"Ukiteleza, itafanya hivyo hivyo. Sasa vua leso. Nguo inayoning'inia haifai hapa. Panda. Tutakwenda polepole."

Kamanthe alipanda, akashika vyuma, na Linet akauwasha mkanda.

"Simama wima, tazama mbele. Shusha mabega. Kunja viwiko kama herufi L. Vidole vifumbe kwa ulegevu, kama uliyeshika kifaranga. Mikono iende mbele na nyuma karibu na mbavu, isikatize mbele ya kifua. Mguu wa kulia ukitangulia, mkono wa kushoto nao utangulie. Ukisikia kizunguzungu, shika chuma, punguza mwendo, usimamishe mashine, ndipo ushuke."

Mkono wa kulia uliachilia. Wa kushoto ulibaki umeng'ang'ania, jasho likitiririka.

"Siwezi, Linet. Siwezi!"

"Kamanthe," Munyiva alisema kwa sauti ndogo, "mimi ningekuwa na mguu huo, ningeachilia."

Kamanthe akaachilia.

Miezi mitatu baadaye, daktari alisoma kipimo mara mbili, akatabasamu. Sukari ilikuwa imeshuka. Akamwambia aendelee na dawa zile zile, chakula kile kile na matembezi yale yale.

Hofu haikumwisha yote. Hata sasa, kabla ya kuwasha mashine, huivuta ile kamba nyekundu kuhakikisha kwamba imebana kwenye blauzi. Kisha huikunja mikono yake na kuanza safari.

Jioni ya siku ya kipimo kile cha pili, Kamanthe alikaa barazani akaosha miguu yake yote miwili, kidole kwa kidole. Munyiva alikaa karibu naye, akamshikia taulo.