Mgeni wa Kwenye Kamera

Simu ya Flaviana ililia mchana, walimu wenzake wakiwa wamekwenda kunywa chai na yeye amebaki ofisini na rundo la madaftari ya darasa la nne. Ilikuwa ile kamera mpya ya nyumbani, inamtaarifu kwamba kuna mtu getini. Akafungua picha. Akaliona geti lao la bluu, barabara ya vumbi ya Mbwawa, na kuku wake wamejilaza kwenye kivuli cha ukuta. Mtu hakumwona.

"Hodi," ilisema sauti ya kike, taratibu, sauti ya mtu mzima mwenye adabu zake.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi na akili iko kwenye hesabu za watoto. Flaviana akabonyeza kitufe cha kuzungumzia, akajibu kama alivyojibu hodi zote tangu ajue kusema. "Karibu mama, pita ndani."

Kuku wakainuka, wakasogea pembeni, wakapisha njia. Geti likafunguka nusu, likajirudishia. Flaviana akadhani mgeni amepita upande ambao jicho la kamera halifiki, akarudi kwenye madaftari yake.

Kamera yenyewe ilinunuliwa kwa ubishi. Wezi walikuwa wameng'oa pampu ya kisima, na mumewe Melkiori, mtunza stoo pale Maili Moja, akaapa kwamba haibiwi tena. Fundi Hussen akawaeleza zilizopo. Kuna za waya zenye mashine yake ya kurekodi, picha safi kabisa, lakini umeme ukikatika nazo zinalala, na Mbwawa umeme hukatika bila kuaga. Kuna ya kufunga kwenye soketi ya taa, rahisi kuliko zote, ila mvua ya kwanza tu imekwisha. Melkiori akaing'ang'ania hiyo. Mwanaume huyu akiona kitu cha bei ya chini huona Mungu amemkumbuka. Flaviana ndiye aliyeuliza ya maana: usiku inaona? Mvua inavumilia? Sisi hatuna intaneti ya nyumbani, itafanyaje kazi? Mwisho wakachukua ya sola, inayotumia laini ya simu na yenye spika.

"Mtu akipiga hodi unaongea naye popote ulipo," alisema Hussen. "Mwizi akisikia sauti ya mwenye nyumba, anatimua mbio."

Hiyo spika ndiyo iliyompendeza Flaviana. Binti yao Wema, mtoto wa miaka minne, alishinda nyumbani na Tatu, dada wa kazi kutoka Kisarawe, na moyo wa mama ulikuwa hautulii.

Jioni ile alimuuliza Tatu mgeni wa mchana alikuwa nani.

"Mgeni gani, dada? Leo hajaja mtu."

Ilianza harufu. Udi, nao hawakuwa na udi, umechanganyika na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, na ilikaa zaidi kwenye kiti cha pembeni sebuleni. Kisha Wema akaanza kugawa chakula. Kila sahani aliyopewa aliikata nusu kwa kijiko, akaisogeza upande wa pili wa mkeka, na nusu ile ikapoa pale pale bila kuguswa, lakini ukiionja, alisema Tatu, haina chumvi wala ladha, ni kama unakula karatasi. Mtoto akakonda. Hospitali walimpima malaria, wakampima choo na damu, hawakuona kitu.

Melkiori alikuwa na majibu ya kila jambo. Harufu ni ya jirani. Mtoto anaota meno ya nyuma. Na kamera kulia ovyo ni buibui amejenga kwenye lenzi. Akamwita Hussen aje aisafishe.

Hussen alipanda ngazi, akafuta kioo, akashuka, akafungua kumbukumbu za siku ile ili aone tatizo lilianza vipi. Wote wakainamia simu yake. Wakasikia hodi. Wakasikia sauti ya Flaviana ikikaribisha. Kisha, geti likiwa linafunguka na hakuna mkono unaolisukuma, wakasikia jambo ambalo Flaviana hakulisikia siku ile kwa sababu alikwisha weka simu chini.

"Ahsante, mwanangu. Nimehangaika sana kupata mahali."

Hussen akakusanya vifaa vyake haraka haraka. Chai iliyokuwa inachemka jikoni hakuisubiri. Melkiori naye akambeba Wema, akamkumbatia, na Flaviana akaogopa zaidi kwa hilo kuliko kwa ile sauti.

Usiku ule alimlaza Wema katikati yao, akamkumbatia, akamuuliza kwa kunong'ona, "Mama, nani unampa chakula?"

"Bibi wa kwenye kiti."

"Anataka nini?"

"Anasema nyumba yake ilikuwa mti, watu wakaukata walipokuja kupima viwanja." Wema alipiga miayo. "Anasema amechoka kukaa kwa watu. Akijenga kwake tutaondoka wote, mimi na yeye."

Flaviana hakulala, alisali rozari hadi vidole vikaingia ganzi, na kila alipofika katikati ya Salamu Maria alisikia kiti cha sebuleni kikilia polepole namna kinavyolia mtu mnene akijiweka sawa, na harufu ya udongo ikapita chini ya mlango ikaja mpaka kitandani, ikasimama upande aliolala mtoto, naye akamvuta Wema kifuani kwake kwa nguvu hata mtoto akalia usingizini, na bado akahisi kuna anayemvuta kutoka upande wa pili, bila haraka, bila ugomvi, kama mtu anayejua kwamba muda anao.

Asubuhi alimwendea Tatu, ambaye bibi yake hutibu watu waliopatwa na majini, akamwambia, "Nenda kamlete bibi yako."

Bi Mwanajuma alifika siku iliyofuata kutoka Kisarawe, kikapu cha plastiki mkononi, mwembamba na mwenye haraka. Flaviana akampigia goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?" Hakusubiri jibu. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha pembeni, akakitolea salamu, akarudi uani. "Huyu wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia apite."

"Sikujua, bibi. Nilikuwa kazini."

"Kwa hiyo mtu yuko kazini, nyumba inakaribisha wageni." Akatikisa kichwa, akaitazama ile kamera ukutani. "Angeingia mwenyewe ningemtoa kwa kisomo leo leo. Lakini wewe umemkaribisha kwa mdomo wako, amekula kwako. Nikimfukuza atatoka kwa hasira, na hatatoka mikono mitupu. Sasa muage kama unavyomuaga mgeni yeyote. Mfungie zawadi, umsindikize mpaka njia panda ya kwenda Soga. Muombe radhi, umuage, urudi. Usigeuke nyuma."

"Na mtoto?"

"Abaki ndani na baba yake. Geti lisifunguliwe mpaka wewe urudi."

Wakafunga kwenye kanga mpya ubani, mkate wa kumimina na chupa ya maji ya waridi. Jua lilikuwa linazama. Flaviana akasimama mbele ya kiti kitupu, akasema kwamba amefurahi kumpokea, ila nyumba ni ndogo na mtoto anaumwa, twende nikusindikize. Kiti kikalia. Harufu ikainuka nayo.

Walitembea pamoja, na hilo hakuwa na shaka nalo, maana kando yake vumbi lilitimka pasipo miguu. Wakapita vibanda vya Mbwawa, wakapita shamba la mihogo. Penye njia panda akaweka furushi chini, akaomba radhi, akaaga. Upepo ukatulia. Harufu ikakatika ghafla, na Flaviana akalia kwa furaha, kwa sauti, hata mwendesha baiskeli aliyekuwa anapita akampa pole ya msiba.

Akageukia nyumbani. Alikwisha anza kufikiria uji wa Wema, wenye maziwa na sukari ya kutosha, aliposikia nyayo nyuma yake, na sauti ile ile ya mtu mzima mwenye adabu zake.

"Giza linaingia, mwanangu. Umenisindikiza vizuri. Na mimi nikurudishe kidogo."

Wote tunafanya hivyo. Mgeni akisindikizwa naye humrudisha mwenyeji wake, wakaenda wakirudi mpaka maneno yaishe. Bi Mwanajuma, mswahili wa kuzaliwa, hakulikumbuka hilo, na sasa alikuwa chumbani kwa Tatu kwenye mswala, anaswali magharibi.

Flaviana alitaka kukimbia lakini alijua akikimbia atamfikisha mgeni nyumbani haraka zaidi, alitaka kupiga kelele lakini alijua atakayetoka kumsaidia ni Melkiori na geti litafunguka, kwa hiyo alitembea, mwendo ule ule, akijibu "ndiyo mama" na "kweli mama" kila alipoulizwa jambo, na alipoliona geti la bluu mbele yake akafanya uamuzi ambao uliukata moyo wake vipande. Akalipita. Hakuligeuzia hata jicho. Ataendelea kutembea usiku kucha, afike Kisarawe, afike popote, ili mradi huyu asiingie pale alipo mtoto wake.

Simu ikalia mkononi. Melkiori.

"Mama Wema, nawaona kwenye kamera," alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa wiki nzima. "Mbona mmepita? Huyo mama uliyeongozana naye ni nani?"

"Baba Wema, nisikilize. Geti..."

"Si umerudi? Nimeshamtuma Wema awafungulie."

Flaviana akageuka. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Kando ya ukuta kuku walikuwa wanainuka, wanapisha njia, na geti lilikuwa wazi.